Aliyesimama Nyuma ya Imamu

Tarehe 1 Juni 2019, mjini Madrid, Divock Origi aliingia uwanjani dakika ya 58 kuchukua nafasi ya Roberto Firmino. Dakika ya 87 akaupiga mpira kwa mguu wa kushoto, ukamvuka kipa wa Tottenham na kujaa wavuni upande wa pili, na Liverpool wakawa mabingwa wa Ulaya kwa mabao 2-0. Huku Barani, kwenye pwani ya Kenya kutoka Mtwapa hadi Mambrui, kijana huyu aliyezaliwa Ostend, Ubelgiji, huhesabiwa wetu, kwa kuwa baba yake, Mike Okoth, aliivaa jezi ya Harambee Stars, na ami yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Kwa hivyo mabishano juu yake yana joto la mambo ya nyumbani. Wako wasemao kombe lile ni lake, kwani bao lililoimaliza mechi lilitoka mguuni pake. Wako wanaojibu kwamba mchumia juani hulia kivulini, na Origi hakuchuma juani: Mohamed Salah alishafunga penalti dakika ya pili, wenzake wakakimbia karibu saa nzima wakiilinda, yeye akaja na miguu mibichi akakuta mambo yameiva.

Mimi bishano hili nalipa uzito kuliko linaopewa kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo dini zetu zimelishughulikia tangu kale: mtu anayeingia kazi ikiwa imefika jioni, akaimaliza kazi ambayo hakuianza, anastahiki nini? Naona pande zote mbili zinapima kisichopasa kupimwa. Upande mmoja unapima tokeo, upande wa pili unapima saa. Stahiki ya anayeingia mwisho haimo katika tokeo wala katika saa. Imo katika hali aliyokuwa nayo kabla hajaitwa, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama.

Tuiangalie kwanza kazi yenyewe ya Origi. Tarehe 22 Juni 2014, akiwa na miaka 19, aliingia Maracanã badala ya Romelu Lukaku na kuifungia Ubelgiji bao la pekee dhidi ya Urusi, dakika ya 88, katika Kombe la Dunia. Mwaka huohuo Liverpool wakamnunua kutoka Lille. Miaka iliyofuata alipanda na kushuka, na msimu wa 2017/18 akakopeshwa Wolfsburg ya Ujerumani, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja. Aliporudi, wengi walidhani amekwisha. Tarehe 2 Desemba 2018, katika mechi ya watani wa jadi dhidi ya Everton, aliingia dakika ya 84, na dakika ya 96 mpira uliomtoka kipa Jordan Pickford ukagonga mwamba na kudondoka mbele ya kichwa chake. Tarehe 4 Mei 2019, Newcastle, Salah alitolewa ameumia. Origi akaingia na kufunga bao la ushindi dakika ya 86. Siku tatu baadaye Barcelona walikuja Anfield wakiwa na mabao matatu mkononi. Salah na Firmino hawakuweza kucheza, Origi akaanza, akafunga bao la kwanza na la nne. Mpaka anaondoka Liverpool mwaka 2022 alikuwa amecheza mechi 175 na kufunga mabao 41. Washambuliaji wengi wamefunga zaidi ya hayo bila jina lao kuimbwa. Mabao yake yakikaa upande mmoja wa mizani, upande wa pili zinakaa jioni nyingi sana alizokaa benchi akiwa amevaa jezi, bila kuguswa na mpira hata mara moja.

Marekani wanao mchezo ambao kukaa hivyo kumefanywa kuwa kazi kamili yenye jina na mshahara. Katika besiboli, mrushaji huurusha mpira na mpigaji wa timu nyingine hujaribu kuupiga kwa gongo. Mrushaji anayeanza mechi huchoka mkono, na katika zamu za mwisho kati ya zamu tisa, mwalimu humwita mrushaji wa akiba, ambaye jioni nzima amekaa pembeni mwa uwanja, kwenye kizimba cha wanaongoja. Huyu hukabidhiwa uongozi mdogo uliopatikana kwa jasho la wengine, akaambiwa asiupoteze. Kwa miaka mingi kazi yake haikuwa na safu katika daftari la hesabu za mchezo. Mwandishi wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, ndiye aliyebuni namna ya kuihesabu, na mwaka 1969 hesabu hiyo ya uokoaji ikaingizwa rasmi. Aliyeipeleka mbali kuliko wote ni Mariano Rivera, mtoto wa nahodha wa mashua ya uvuvi kutoka kijiji cha Puerto Caimito, Panama, aliyevua na baba yake kabla ya kwenda Marekani. Tangu 1995 hadi 2013 aliichezea New York Yankees peke yake, akaandikiwa uokoaji mara 652, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo kwa kura zote, 425 kati ya 425. Ni Mkristo anayeitamka imani yake waziwazi, na mrusho wake maarufu, uliomjia mwaka 1997 bila kuutafuta, amekuwa akisema ni zawadi ya Mungu.

Kwa hivyo ulimwengu wa michezo umekubali kwamba anayemaliza ana fungu lake. Lakini kukubali kwa daftari ni kukubali tokeo tu. Uokoaji huandikwa ukitokea. Usiku ambao mrushaji alijinyoosha, akapasha mkono moto, asiitwe, hauandikwi popote. Dini ndiyo inayouliza habari za usiku huo.

Waislamu na Wakristo wa mwambao huu wana kisa kimoja kwa sura mbili. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuajiri vibarua kwa dinari moja, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, kwa hesabu ileile ya saa tunayoitumia sisi. Jioni wote wanapewa dinari moja, na wa mwisho wanalipwa kwanza. Waliovumilia jua la mchana kutwa wananung'unika. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, anawapigia mfano watu wa Vitabu na umma wake: kundi moja likafanya kazi hadi adhuhuri kwa kirati moja, la pili hadi alasiri kwa kirati moja, na la tatu tangu alasiri hadi magharibi kwa kirati mbili. Hapa manung'uniko ni makubwa zaidi, kwa kuwa aliyefanya kidogo amelipwa maradufu. Jibu katika visa vyote viwili ni lile moja: je, nimekupunguzia haki yako? Hapana. Basi hiyo iliyozidi ni fadhila yangu, nampa nimtakaye.

Mahubiri mengi huishia kwenye fadhila, na sina ugomvi nayo. Ila katika Injili lipo jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Mwenye shamba anapowakuta wale wa saa kumi na moja, anawauliza kwa nini wamesimama pale sokoni kutwa bila kazi. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Jibu hili linaeleweka vizuri na mtu anayeijua Barani, anayejua namna vibarua wanavyokusanyika kwenye malango ya viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, au kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo. Asiyechukuliwa alfajiri ana uamuzi wa kufanya. Anaweza kurudi nyumbani saa nne, na hakuna wa kumlaumu. Au anaweza kubaki na jembe lake, kwenye jua lilelile linalowachoma waliomo shambani, bila hata matumaini ya ujira wa jioni ya kumtia nguvu. Wale wa saa kumi na moja walibaki. Kwa mwili walipumzika kuliko wenzao. Kwa roho sidhani. Aliyemo shambani anajua jua likizama atalipwa. Aliyebaki sokoni hajui chochote.

Lazima niwe mwangalifu hapa, kwa sababu ni rahisi kukiharibu kisa hiki kwa kukitetea. Nikisema dinari ile ilikuwa ujira wa kungoja, nimegeuza fadhila kuwa mshahara, na mwenye shamba ataonekana hakufanya zaidi ya hesabu nzuri. Sisemi hivyo. Nasema kungoja kwao ndiko kulikowafanya wawepo pale fadhila ilipopita. Hakukuinunua, ila bila kungoja huko isingekuwa na wa kumshukia.

Mfano ulio wazi kuliko wote sitoi kwenye mashamba wala viwanja vya michezo, nautoa kwenye safu za sala. Fiqhi inajua hali ambapo imamu anavunjikiwa na udhu, au anapatwa na maradhi, katikati ya sala ya jamaa. Sala haivunjwi. Imamu anajitoa, na mtu wa safu ya kwanza aliye nyuma yake anasogea mbele kuikamilisha. Wanavyuoni wanaiita istikhlafu, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, yanairuhusu. Tukio lake mashuhuri ni la Madina mwaka wa 23 Hijria, sawa na mwaka 644. Khalifa Umar bin Khattab alichomwa kisu akiwa anasalisha alfajiri. Akamshika mkono Abdurrahman bin Auf, akamsogeza mbele, naye akawasalisha watu sala fupi. Mapokezi yanaeleza kwamba waliokuwa pembeni mwa msikiti hawakujua kilichotokea. Waliona tu sauti ya Umar imekatika, wakawa wanasema Subhanallah. Mtu aliyemaliza sala ile aliingia mahali penye damu, na sala ikatimia.

Masharti ya istikhlafu ndiyo yanayobeba hoja yangu. Anayesogea mbele ni mtu aliyekwishakuwa ndani ya sala, ana udhu, amekwisha kuhirimia, anamfuata imamu kwa kila rukuu na sijida. Haitwi mtu aliyekaa barazani akipiga soga. Akishasogea, haanzi sala yake mwenyewe. Anafuata mpangilio wa imamu aliyemtangulia, hata kama yeye mwenyewe aliichelewa rakaa na ana yake ya kulipa baadaye. Ndiyo sababu desturi inataka wanaosimama nyuma ya imamu wawe watu wenye elimu na wanaojua Qurani: wanapaswa kuijua sala kama anavyoijua imamu, na bado wanyamaze. Abdurrahman bin Auf alikuwa mwenye kusali kabla Umar hajaguswa. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Sasa fikiria kwamba Umar hakuchomwa kisu asubuhi ile. Abdurrahman angesali nyuma yake hadi salamu, akaondoka zake. Je, sala yake ingekuwa pungufu kwa sababu hakuitwa mbele? Hakuna mwanachuoni wa kusema hivyo. Ingekuwa sala kamili. Tangu Umar auawe, watu wasiohesabika wamesimama nyuma ya maimamu katika misikiti ya Malindi, Mambrui na Takaungu, wakiwa tayari kwa jambo ambalo halikuwatokea, na hakuna hata mmoja aliyekula hasara. Hii ndiyo sababu nakataa kumwita mtu huyu mtu wa akiba. Kitu cha akiba hakina kazi mpaka kitolewe. Anayesali nyuma ya imamu yumo kazini tangu takbira ya kwanza, na kuitwa kwake hakuongezi thamani ya sala yake mbele ya Mola wake. Kunaongeza jukumu lake tu mbele ya watu.

Kwa kipimo hiki, bao la Madrid linasomeka vingine. Mwili wa mchezaji aliyekaa nusu ya kwanza yote na dakika nyingine 13, ukiitwa, hauwezi kudanganya. Kama wiki zote alizoachwa nje alifanya mazoezi kwa kinyongo, kinyongo hicho kitaonekana kwenye mguso wa kwanza. Origi wa mwaka 2019 aliingia akiujua mpangilio wa timu kana kwamba ameanza kila mechi. Bao lake la nne dhidi ya Barcelona linalithibitisha jambo hili kuliko la Madrid: Trent Alexander-Arnold alipiga kona kwa ghafla, mabeki wa Barcelona wakiwa wamegeuka, wakidhani bado kuna muda. Origi alikuwa akiangalia mpira. Aliyezoea kukaa benchi siku mia na kutoitwa ndiye aliyekuwa macho katika sekunde ile. Wale wasemao kombe ni lake wanakosea, kwa sababu anayekamilisha sala ya mwingine hawezi kudai kuwa jamaa yote ni yake. Na wale wasemao alikula asichochuma wanakosea pia, kwa sababu wanahesabu dakika za uwanjani peke yake.

Mpinzani mwenye elimu atanirudisha kwenye Hadithi nyingine: kwamba matendo huhesabiwa kwa mwisho wake. Kama hivyo ndivyo, atasema, tokeo ndilo kila kitu, na anayemaliza vizuri amewashinda wote. Hoja hii ina nguvu na inastahili jibu lisilo la mkato. Katika mapokezi ya Sahl bin Saad, maneno hayo yanakuja baada ya habari ya mtu aliyepigana vitani kwa ushujaa uliomshangaza kila mmoja, kisha akajeruhiwa, akashindwa kustahimili maumivu na kujiua. Na ndani ya Hadithi hiyo mna kifungu ambacho hakipasi kuachwa: mtu hufanya matendo ya watu wa peponi kwa vile watu wanavyoona. Kwa vile watu wanavyoona! Mwisho ule haukuyafuta matendo mema ya moyo mwema kwa bahati mbaya ya dakika moja. Ulifichua kilichokuwamo tangu mwanzo, ambacho macho ya watu hayakukifikia. Mwisho, kwa maana hiyo, ni shahidi wa hali ya ndani, na shahidi huitwa kwa ajili ya ukweli wa jambo, si kuwa jambo lenyewe. Na inafuata kwamba si kila kinachotokea mwishoni ni mwisho kwa maana ya Hadithi. Mpira kugonga mwamba na kurudi uwanjani hakushuhudii chochote juu ya moyo wa aliyeupiga.

Rivera analo funzo lake hapa. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2001, Arizona, katika mechi ya saba na ya mwisho ya kuamua bingwa, alikabidhiwa uongozi wa 2-1. Akaharibu mwenyewe kwa kurusha mpira vibaya kuelekea kituo cha pili, kisha pigo dhaifu la Luis Gonzalez likadondoka nyuma ya walinzi, na Yankees wakafungwa 3-2. Kwa kipimo cha tokeo, mtu aliyeaminiwa kuliko wote alishindwa siku iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwenzake katika timu, Enrique Wilson, alikuwa amepanga kurudi kwao Jamhuri ya Dominika baada ya sherehe za ubingwa. Kwa kuwa sherehe hazikuwapo, alitangulia. Ndege ambayo angeipanda, iliyoondoka New York tarehe 12 Novemba, ilianguka mtaa wa Queens na kuua watu 265. Rivera amesema baadaye kwamba alifurahi walishindwa, kwa kuwa rafiki yake alibaki hai.

Kisa hiki hutumiwa vibaya, kwa hivyo niseme ninachotaka nacho na nisichotaka. Sisemi Mungu aliwanyima Yankees ushindi ili amwokoe Wilson. Mwenye kusema hivyo itampasa awaeleze jamaa wa wale 265 kwa nini wao hawakupewa mechi ya kushindwa, na sijui mhubiri mwenye ujasiri huo. Ninachosema ni kidogo zaidi: tokeo la tendo haliishii pale refa anapopuliza kipenga. Linaendelea kumwagika duniani, likigusa watu ambao mtendaji hakuwawazia, na hakuna binadamu anayeweza kulihesabu hadi tone la mwisho. Kitu kisichohesabika hakiwezi kuwa kipimo cha haki cha mtu. Rivera wa usiku ule na Rivera wa mara 652 ni mtu mmoja, aliyejiandaa kwa namna moja.

Pingamizi lingine linanigusa zaidi kwa sababu linatoka kwetu. Kilifi ni kaunti yenye vijana wengi wasio na kazi, na kwa miaka mingi wamekuwa wakihubiriwa subira na watu ambao wao wenyewe hawajawahi kungoja chochote. Mwenye ardhi anasema subira, mwanasiasa anasema subira, tajiri wa hoteli anasema subira ukifika msimu. Je, kusifu kungoja si kuwapa hao silaha nyingine? Ingekuwa hivyo kama kisa cha shamba la mizabibu kingekuwa na upande mmoja. Lakini tazama anayetembea katika kisa kile. Mwenye shamba ndiye aliyetoka mara tano. Alipowakuta watu saa kumi na moja, aliwauliza, akawasikiliza, na hakuwaambia wamechelewa wala hawakujituma. Lawama ya wao kukaa bila kazi haikuwekwa juu yao hata kwa neno moja. Kwa hivyo anayetaka kulifundisha fungu hili kwa vijana wa Ganze na Magarini sharti aanze kwa wenye mashamba, na kuwauliza wametoka mara ngapi. Asiyetoka hata mara moja hana haki ya kumsifia mtu mwingine subira. Kungoja kunakostahili heshima ni kwa mtu aliyeshika jembe, na palipo na mtu aliyeshika jembe, pana mwingine mwenye deni la kumtafuta.

Hili linamgusa Origi pia. Alihamia Milan mwaka 2022, hakung'ara. Msimu wa 2023/24 akakopeshwa Nottingham Forest, huko nako hakufunga bao la ligi. Aliporudi Milan hakuwa tena kwenye mipango ya timu ya kwanza. Wako waliocheka. Mimi sioni kwamba miaka hiyo inaipinga miaka ya Liverpool. Liverpool alikuwapo Jürgen Klopp, mwalimu aliyejua kumtafuta mtu benchini kwa wakati wake. Sala inahitaji mtu aliye tayari nyuma, na inahitaji pia mtu wa mbele anayenyoosha mkono akamshika. Pakikosekana wa pili, utayari wa wa kwanza hauonekani, na kutoonekana si kutokuwapo.

Limebaki pingamizi gumu kuliko yote, nalo lina nanga yake Malindi. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika hapa baada ya kutofautiana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi akampa rubani. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi likianza kushika, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Kalikuti. Tangu Lisbon walikuwa safarini kwa zaidi ya miezi tisa, na kipande kilichobaki, kuivuka bahari hadi Hindi, mtu wa mwisho kupanda aliwakamilishia kwa siku 26. Ubora wa kazi yake unaonekana waliporudi bila kungoja kaskazi: safari ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawamaliza mabaharia, wakaifikia Malindi tarehe 7 Januari 1499 wakiwa wachache mno, na muda si mrefu wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Kwa muda mrefu rubani yule alidhaniwa kuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu. Wanavyuoni wengi siku hizi wanalikataa hilo, na wengine wanamtaja kuwa Mgujarati. Nguzo ya ukumbusho iliyopo ufukweni Malindi inaitwa kwa jina la aliyeanza safari.

Mpinzani atasema: huyu hapa mtu wa mwisho uliyemtaka, mwenye elimu, mtulivu, aliyekuwa tayari, akaikamilisha kazi ya mwingine bila kasoro. Na matunda yake? Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Kuanzia 1593 Wareno wakajenga Ngome ya Yesu, watawala wa Malindi wakahamia Mombasa, na mji uliowafungulia mlango ukafifia. Kama utayari wa ndani ndio kipimo, je, rubani hana lawama?

Sitajificha nyuma ya hoja yangu kwamba matokeo hayahesabiki, ingawa ni kweli kwamba mtu wa 1498 hakuweza kuuona mwaka 1505. Jibu langu nalitafuta tena kwenye safu ya sala. Sheria inayomwambia maamuma amfuate imamu inamwekea pia mpaka. Imamu akisimama kwa rakaa ya tano, anayejua kwamba sala imetimia haruhusiwi kusimama naye. Madhehebu ya Shafi yanamruhusu hata kunuia kutengana na imamu na kuikamilisha sala yake peke yake. Kwa hivyo utayari ninaousifu haukuwa hata siku moja utayari wa kumaliza lolote litakaloletwa. Aliye nyuma ya imamu anaijua sala, na kuijua kwake ndiko kunakompa uwezo wa kusogea mbele, na ndiko kunakompa pia wajibu wa kubaki ameketi. Utayari usiojua kukataa ni ustadi wa mikono tu, hata ukiwa ustadi wa kuvuka bahari kwa siku 26.

Kumhukumu rubani, basi, ni kuuliza alijua nini siku ile alipopanda. Alijua pepo, nyota na njia ya Kalikuti. Wageni hao walikuwa wametoka Mombasa kwa ugomvi, na habari hiyo haikuwa siri Malindi. Mfalme alijua zaidi. Alijua uhasama wake mwenyewe na Mombasa, alikuwa amezungumza na wageni ana kwa ana baharini, na aliona faida ya kuwa na rafiki mwenye mizinga. Yeye ndiye aliyemshika mtu mkono na kumsogeza mbele. Nikigawa lawama ya safari ile, fungu dogo naliacha melini, kwa mtu aliyekuwa na elimu ya kutosha kuuliza anamalizia kazi ya nani. Fungu kubwa naliweka nchi kavu, katika baraza ya Malindi iliyoamua kumtoa.